Nati ya masikio kwenye ringi za spoku: mnakaza kwa nyundo gani, gari likiwa juu au chini?

#1 MkongeMoja

Habari za jioni wakuu. Baba yangu mdogo (Mungu amrehemu) alituachia MGB ya 1967 (gari dogo la michezo la Kiingereza), ikakaa stoo hapa Chumbageni, Tanga, tangu sijaanza darasa la kwanza. Mwaka huu tumeitoa. Injini imewaka, breki zimefanyiwa kazi, rangi bado. Ringi ni za spoku, na kila gurudumu linashikwa na nati moja tu kubwa katikati, yenye masikio mawili. Hakuna bolti nne wala tano kama magari mengine.

Jumamosi nilikwenda nalo hadi Pongwe. Wakati wa kurudi gurudumu la mbele kulia likaanza kugonga "tko" kila nikiachia breki. Nikasimama pembeni, nikashika sikio la nati kwa mkono, ikazunguka. Kwa mkono mtupu, wakuu! Nilikaa chini ya mwembe robo saa kabla ya kuthubutu kuwasha tena.

Niliikaza mwenyewe siku mbili kabla, kwa nyundo ya chuma juu ya kipande cha mbao, ila niliogopa kromu isichubuke. Sasa nauliza: mnakaza kwa kifaa gani, na kiasi gani kinatosha? Baba mdogo alikuwa akisema nati hizi hujikaza zenyewe gari likitembea. Kama ni kweli, yangu ilifunguka kwa nini?

#2 Fundi_Ngamiani

Pole kaka, na shukuru hukufika Muheza. Nati ile haibembelezwi. Inatakiwa nyundo nzito yenye uso laini kuliko nati yenyewe: risasi, shaba, au ile ya Kiingereza ya Thor yenye shaba upande mmoja na ngozi mbichi upande wa pili. Nyundo ya chuma hata ukiweka mbao, mbao inakula nguvu yote.

Piga jeki gurudumu liwe hewani, weka stendi chini ya gari, mtu akae ndani akanyage breki. Kaza kwa mkono mpaka mwisho huku unalitikisa gurudumu likae katikati. Ndipo uanze kupiga, sikio hili halafu lile. Sikiliza mlio. Mwanzoni ni "du, du", mzito, kama unapiga gunia. Nati ikikaa sawasawa mlio unageuka, unakuwa "ti", unaousikia mpaka kwenye mkono. Ukisikia hivyo ongeza mapigo mawili, acha. Nimewafungia hivi wazee watatu wenye magari ya namna hiyo na hakuna aliyerudi na gurudumu mkononi.

#3 YakheWaDuga

Naheshimu mkono wa Fundi #2, lakini mimi siwezi kupiga nyundo ya kilo mbili gari likiwa juu ya jeki. Marehemu baba alikuwa na Triumph TR4 na sheria yake ilikuwa moja: juu unasogeza tu, kazi unaifanya tairi likiwa limekanyaga ardhi. Gari likianguka kwenye jeki mguu wako ndio unaolipa.

#4 Fundi_Ngamiani

YakheWaDuga, ndiyo maana nimesema stendi, sikusema jeki peke yake. Ukikaza gari likiwa chini, uzito wote umeegemea upande mmoja wa koni (ile sehemu iliyochongoka ambapo nati na gurudumu hukutana), gurudumu limeinama kidogo usichokiona kwa jicho. Unakaza kitu kilichokaa upande. Ukitembea kilomita kumi kinarudi katikati, nafasi inabaki, nati inalegea. Huenda ndicho kilichomkuta mleta uzi. MkongeMoja, ulikaza likiwa juu au chini?

#5 MkongeMoja

Chini. Nilishusha jeki kwanza kisha nikapiga.

#6 YakheWaDuga

Alipiga chini, lakini amesema mwenyewe alibembeleza kromu. Baba alikaza chini miaka na miaka, Tanga hadi Korogwe na mashamba ya mkonge yote ya njiani, barabara ya vumbi, hakuna nati iliyotoka. Tatizo ni nyundo, wala si jeki.

#7 Kasa_wa_Deep_Sea

Wakuu, kuhusu nyundo msihangaike kuagiza. Sisi wavuvi risasi tunayo. Chukua chubwi za nyavu za zamani, yeyusha kwenye sufuria kuukuu juu ya jiko la mkaa, haitaki moto mkali, ni nyuzi 327 tu. Chimbia kopo la maziwa kwenye mchanga, simamisha bomba la chuma katikati kama mpini, mimina. Hiyo ndiyo nyundo yako. Ikibonyeka kwa kupiga unaiyeyusha tena. Ukikosa chubwi, vunja betri ya gari iliyokufa, ndani kuna risasi tele.

#8 DadaWaMabawa

Kasa kaka yangu, hapo kwenye betri naomba nikusimamishe. Mimi ni muuguzi. Betri ina asidi, na vumbi lake la risasi linaingia mapafuni na kwenye vyakula. Risasi haitoki mwilini kirahisi, na anayeumia zaidi ni mtoto, kwa sababu inagusa ubongo unaokua. Betri isivunjwe nyumbani, tafadhali.

Hata chubwi, yeyusheni nje palipo na upepo, watoto wakiwa mbali, na sufuria hiyo isirudi jikoni kamwe. Na mchanga wa kumiminia uwe mkavu kabisa. Tone la maji likikutana na risasi ya moto linalipuka na kurusha madini usoni. Nimemfunga bandeji mtu kwa jambo hilo hilo.

#9 Kasa_wa_Deep_Sea

Nimekuelewa dada, nashukuru. Ya betri naifuta. Mchanga mkavu nakubali, mimi huukaanga kwanza.

#10 Seremala_Sahare

Kwa nini mpige kabisa? Mimi nachonga spana ya mbao. Unachukua plaiwudi nene, vipande viwili unavigundisha, unachora umbo la nati na masikio yake, unakata tundu likae juu yake kama kofia. Mpini wake unauacha mrefu, mita moja. Masikio yamelala ndani ya mbao, kromu haiguswi hata kidogo. Unaegemea tu. Nimemchongea mteja mmoja mwaka jana kwa mninga badala ya plaiwudi, ikapasuka kwa kufuata nyuzi za mti siku ya tatu. Plaiwudi haipasuki hivyo kwa sababu tabaka zake zimepishana.

Kwa wanaotaka nyundo bado, nendeni kwa mafundi wa jahazi. Nyundo yao ya kalafati ni ya mti mgumu na ina uzito mzuri.

#11 Torki_Kijana

Hesabu kidogo kwa spana ya Seremala. Mtu wa kilo 60 akiweka uzito wake wote mwisho wa mpini wa mita 1, ni kama Nm 590 (Nm ni kipimo cha torki, yaani nguvu ya kuzungusha). Bolti moja ya gari la kawaida inakazwa kama Nm 100 hivi. Na Porsche za sasa zenye nati moja katikati zinakazwa Nm 600 kwa spana ya torki. Kwa hiyo mbao ya mita moja na mtu mzima mmoja ndiyo jibu, na unaweza kurudia kipimo kile kile kila mara. Nyundo haina kipimo.

#12 Fundi_Ngamiani

Torki_Kijana, usichukue namba ya Porsche ukaibandika kwenye MGB. Ile ina kufuli yake ndani na pini za kuendesha gurudumu. Hii ya kizamani ina koni mbili na meno ya habu (kitovu ambacho gurudumu linavaa juu yake), basi. Kipimo cha nyundo ni sikio.

#13 Torki_Kijana

Sikio la fundi wa miaka thelathini, mkuu. MkongeMoja ana sikio la wiki mbili.

#14 Fundi_Ngamiani

Hilo ni kweli. Nakubali.

#15 Mtu_wa_Makorora

Turudi kwenye swali la pili, kujikaza. Nati inajikaza kwa sababu ya uzito wake. Gari likiondoka, gurudumu linazunguka haraka, nati nzito inabaki nyuma kidogo. Ndiyo maana upande wa kushoto wa gari thredi ni za kawaida (unakaza kwa mwendo wa saa) na upande wa kulia ni za kinyume. Wamarekani wa Rudge-Whitworth waliligundua hilo zamani.

#16 Mwalimu_Usagara

Mtu_wa_Makorora, mambo mawili. Kwanza Rudge-Whitworth walikuwa Waingereza wa Coventry, watengenezaji wa baiskeli, na gurudumu hili la kutoka kwa nati moja lilikuwepo kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Thredi umezieleza sawa.

Pili, sababu yako inajipinga. Kama nati inabaki nyuma gari likiondoka, basi inakimbilia mbele gari likifunga breki, yaani inafunguka. Na gari lolote hufunga breki kwa nguvu kuliko linavyoondoka. Kwa hesabu yako nati zote zingekuwa zimelala barabarani.

Fanyeni jaribio hili jikoni. Tundika bangili kwenye mpini wa mwiko. Shika mwiko ukiwa umelala, uuzungushe taratibu kwa vidole. Bangili inaviringika juu ya mwiko lakini haimalizi mzunguko pale mwiko unapomaliza. Inachelewa, kwa sababu duara lake ni kubwa kuliko la mwiko. Sasa tazama nati ya MGB: ndani yake kuna koni ya shimo inayovaa juu ya koni ya gurudumu. Nati ndiyo bangili, gurudumu ndilo mwiko. Ikiwa kuna nafasi ndogo kama unywele, uzito wa gari unaziegemeza upande mmoja, na kila mzunguko nati inachelewa kidogo. Kuchelewa huko, kwa thredi zilivyopangwa, ndiko kukaza.

#17 DadaWaMabawa

Nimejaribu kwa bangili za mwanangu na mpini wa ufagio. Mwalimu, inachelewa kweli! Nimeweka alama kwa wino. Nyumba nzima imekusanyika.

#18 BaiskeliZaPangani

Mwalimu, mimi natengeneza baiskeli na hapo umenichanganya. Pedeli ya kushoto ina thredi za kinyume, ya kulia za kawaida. Gari unasema kushoto za kawaida, kulia za kinyume. Kama sababu ni hiyo moja, mbona zimepishana?

#19 Mwalimu_Usagara

Swali zuri kuliko yote humu. Pedeli ina ekseli inayoingia ndani ya tundu la mkono wa pedeli. Yaani chenye thredi ni kidogo na kiko ndani. Kwenye nati ya MGB chenye thredi ni kikubwa na kiko nje. Cha ndani hutangulia, cha nje huchelewa, kwa hiyo upande unageuka. Na gari ambalo nati yake ina koni ya kuchomeka ndani ya gurudumu nalo litahitaji thredi za upande wa pili. Mtu asinunue nati kwa kutazama masikio tu.

#20 BaiskeliZaPangani

Sasa nimeelewa kitu nilichokifanya kwa mkono miaka kumi na nane. Asante.

#21 Mtu_wa_Makorora

Coventry nimekubali. Lakini Mwalimu, nadharia yako inahitaji nafasi kati ya koni. Nati iliyokazwa vizuri haina nafasi. Basi haijikazi, inashika tu kwa msuguano. Inayojikaza ni ile iliyokwisha kulegea.

#22 Mwalimu_Usagara

Chuma hupinda kidogo chini ya mzigo hata kikikazwa, kwa hiyo mwendo mdogo upo. Lakini hoja yako ina uzito, sitaifuta.

#23 MzeeWaLushoto

Vijana, mnazungumza koni na bangili, hamjamuuliza mwanetu jambo la kwanza. Mimi nusura nife kwa jambo hilo. Fundi mmoja alifungua ekseli ya nyuma ya gari langu, akarudisha habu ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Nati zikaingia vizuri tu, kwa sababu alizihamisha pamoja na habu zake. Nikashuka mlima. Kona ya tatu nikaona gurudumu langu mwenyewe linanipita, linaingia kwenye migomba. Gari likaburuza ngoma ya breki hadi ukingoni. Nilikuwa na mke wangu na mtoto wa miezi minne.

MkongeMoja mwanangu, tazama nati zako. Za Kiingereza nyingi zimeandikwa UNDO na mshale, na upande wa gari. Kanuni ya kushika kichwani: sikio la juu likienda mbele ya gari, unafungua. Likienda nyuma, unakaza. Pande zote mbili za gari, bila kubadilika.

#24 MkongeMoja

Shikamoo mzee, na poleni sana. Nimetoka sasa hivi na tochi. Mshale upo kwenye zote nne. Mbele kulia, kufungua ni sikio la juu kwenda mbele. Kwa hiyo upande uko sawa.

Nikavua gurudumu. Meno ya habu yana grisi nyeusi iliyoganda kama lami. Na kitu kingine: kijana aliyetupigia rangi ya fedha kwenye ringi alipiga mpaka kwenye koni. Sehemu ambayo nati inakaa kulikuwa na rangi, imebonyeka na kumenyuka kama ganda la yai.

#25 Fundi_Ngamiani

Hapo! Rangi hiyo ndiyo iliyokudanganya. Unakaza juu ya rangi, rangi inasagika njiani, unene wake unakuwa nafasi. Ondoa yote kwa petroli na kitambaa, koni zote mbili, ya ndani na ya nje, mpaka uone chuma. Meno yasugue kwa brashi, paka grisi mpya kidogo. Thredi nazo grisi. Koni acha kavu.

#26 YakheWaDuga

Koni kavu hapa Tanga? Kwa chumvi hii ya bahari? Baada ya masika mawili utahitaji gobole kuivua nati. Baba alipaka filamu nyembamba ya grisi kwenye koni pia, ukifuta kwa kidole inabaki kung'aa tu.

#27 Torki_Kijana

Grisi kwenye koni inapunguza msuguano, na Mtu_wa_Makorora ametuambia msuguano ndio unaoshika.

#28 YakheWaDuga

Na bila grisi nyundo inapigana na kutu badala ya kukaza. Mapigo kumi ya "ti" ya uongo.

#29 Seremala_Sahare

Wakati mnabishana grisi, MkongeMoja sukuma gurudumu mbele na nyuma likiwa hewani, mtu amekanyaga breki. Likicheza kwenye meno hata kidogo, meno yamelika. Ile "tko" ukiachia breki inanifanya niwaze meno kuliko nati. Mteja wangu wa mninga, meno yake yalikuwa yamechongoka kama ya msumeno. Nati alikuwa anaikaza kila Ijumaa na kila Jumatatu imelegea.

#30 Kasa_wa_Deep_Sea

Mimi nauliza tu, kwa nini magari haya siku hizi hayana masikio? Niliona MGB moja picha yake ina nati ya pembe nane.

#31 Mwalimu_Usagara

Marekani ilizuia masikio yaliyochomoza kwenye magari mapya kuanzia 1968, kwa kuogopa kumjeruhi mtu wa pembeni. Viwanda vikatoa nati ya pembe nane na spana yake kubwa. Sheria hiyo iliondolewa 1996. Ya kwako MkongeMoja ni ya 1967 na masikio yake ndiyo stahili yake.

#32 MkongeMoja

Wakuu, mrejesho. Kasa aliniletea chubwi mwenyewe kwa pikipiki, tukamimina nyundo uani kwa masharti yote ya DadaWaMabawa. Imetoka na uzito wa kilo mbili na robo. Rangi nimeondoa, meno nimesugua. Koni za mbele nimeziacha kavu kama alivyosema Fundi, za nyuma nimepaka filamu kama alivyosema Yakhe, nione. Zote nimekaza likiwa juu ya stendi. Mlio umegeuka kwenye tatu. Nyuma kushoto imebaki "du" hata baada ya mapigo kumi na tano.

Mke wangu akanipa rangi ya kucha nyekundu, nikachora mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye ringi, magurudumu yote. Leo asubuhi nimekwenda Muheza na kurudi. Mbele kulia mstari umepishana kama milimita 3, nati imekwenda nyuma, yaani upande wa kukaza. Mbele kushoto kama milimita 1, upande huo huo wa kukaza. Nyuma kulia haukusogea. Nyuma kushoto umepishana milimita 2 upande wa kufungua.

#33 Mwalimu_Usagara

Mbele kulia milimita 3! Bangili hiyo.

#34 Mtu_wa_Makorora

Au masalia ya rangi yamesagika na nati ikafuata. Na nyuma kulia ambayo haikusogea ni msuguano umeshika.

#35 YakheWaDuga

Nyuma kulia ina grisi kwenye koni. Naomba iandikwe.

#36 Fundi_Ngamiani

Na nyuma kushoto inayo hiyo hiyo grisi na imefunguka, nayo iandikwe. MkongeMoja, gurudumu hilo usilitembelee tena. "Du" baada ya mapigo kumi na tano ni koni iliyolika au meno. Kesho baada ya Alasiri lete gari Ngamiani polepole kwa kuvutwa, tuvue habu tuitazame mchana. Njoo na nyundo yako ya chubwi, nataka kuisikia.

#37 Seremala_Sahare

Nami nakuja na plaiwudi.